Kabla Haujabishana Kuhusu Mashine, Uliza Gemu Ilizaliwa Wapi

Ukikaa kwenye banda lolote la gemu hapa Dodoma, iwe Majengo, Chang'ombe au kule Ng'ong'ona wanakopanga wanachuo wa UDOM, nusu saa haiishi kabla ubishi haujaanza wa mashine ipi ina nguvu kuliko nyingine. Huyu atasema PS3 ilikuwa noma kuliko Xbox 360, yule atasema PC inazizika zote, wa tatu anatoa simu anaonyesha eFootball yake, anauliza na hii hapa mnasemaje. Ubishi mtamu na mi naupenda, ila kila nikiusikiliza naona swali lenye majibu linarukwa. Hiyo gemu ilijengwa kwenye mashine gani kwanza, na kwa injini ipi, yaani programu ya msingi inayochora picha na kuendesha mchezo? Ukishayajua hayo mawili utaweza kueleza karibu kila kinachokukera kwenye gemu yako: kwanini inakwamakwama, kwanini vyumba ni vidogo hivi, kwanini menyu zina maandishi makubwa utadhani unasomea mita tatu.

Gemu ikitoka kwa wakati mmoja kwenye mashine tatu au nne, usidhani ilitengenezwa kwa usawa kwa zote. Studio huwa inachagua moja, mi naiita mashine mama, hiyo ndo kila developa anakuwa nayo mezani, hiyo ndo inapimwa kila jioni, na hiyo ikikataa kitu basi kitu kinapunguzwa au kinafutwa. Zingine zinafuata nyuma, mara nyingi zikiwa mikononi mwa timu ndogo, au kampuni nyingine kabisa iliyopewa tenda. Na injini ndo inayoamua kufuata huko kutakuwa kwepesi au kutakuwa mateso.

Chukua FIFA 14, maana wengi wetu tuliicheza. Mwaka 2013 bandani bado kulikuwa na PS2, mashine iliyotoka mwaka 2000 ikiwa na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya MB 32 tu, na FIFA 14 ilitoka kwenye PS2. Ilitoka PS3 pia, na ilitoka PS4. Jina moja, Messi yule yule kwenye kava, lakini ndani zilikuwa gemu tofauti. Ya PS4 iliendeshwa na injini mpya ya EA, wenye FIFA, iliyoitwa Ignite, ya PS3 ikabaki na injini ya zamani, na ya PS2 ilikuwa gemu ya miaka ya nyuma iliyobadilishiwa vikosi na jezi. Kilichoumiza zaidi watu ni PC, ambayo ilikuwa na uwezo wa kuibeba Ignite, ila ikapewa FIFA 14 ya kizazi cha PS3 na kuambiwa isubiri mpaka FIFA 15. Miaka ikapita yakajirudia yale yale, FIFA 22 ikaja na teknolojia ya mwendo wa wachezaji, HyperMotion, kwenye PS5 na Xbox Series, PC ikaachwa na toleo la kizazi cha PS4, mpaka FIFA 23 ndo ikapandishwa. Maelezo ya EA yalikuwa kwamba kompyuta za wachezaji wao wengi zisingeweza kuubeba mzigo ule. Yaani PC yako ya milioni tatu inapewa gemu iliyopimwa kwa PC ya jirani. Ukiwa mchezaji inakera, ukiwa mtengenezaji unaielewa kabisa.

Sasa turudi kwenye ile ya PS3 na Xbox 360, maana hapo ndo somo lilipo na sijaona mtu analieleza vizuri kwa Kiswahili.

PS3 kwenye makaratasi ilikuwa mnyama. Prosesa yake, Cell, ilikuwa na kiini kimoja kikuu na vidogo vinane pembeni. Katika hivyo vinane, kimoja kinazimwa kiwandani ili chip zenye kasoro ndogo zisitupwe, kingine kinachukuliwa na mfumo wa mashine yenyewe, developa anabakiwa na sita. Hivyo sita vikifanya kazi vizuri ni moto wa kuotea mbali. Tatizo ni kwamba kila kimoja kina memori yake ndogo ya KB 256, na ndani ya hizo KB 256 unatakiwa uweke maagizo ya programu na data yote inayoshughulikiwa, kwa sababu hakiwezi kuifikia RAM kubwa moja kwa moja. Lazima uandike mwenyewe: vuta kipande hiki, kifanyie kazi, rudisha, vuta kingine. Na hiyo RAM kubwa yenyewe ilikatwa katikati, MB 256 za prosesa na MB 256 za upande wa picha. Xbox 360 nayo ilikuwa na jumla ya MB 512, ila ziko pamoja, unazigawa unavyotaka wewe, na prosesa yake ina viini vitatu vinavyofanana. Mtu aliyezoea kuandika programu za PC akiikuta hiyo anajisikia nyumbani.

Halafu kuna suala la nani alifika kwanza. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, PS3 ikatoka Novemba 2006, na Ulaya ikafika Machi 2007. Mwaka mzima studio zimeshakaa na 360, zana zimezoeleka, gemu zimeshaanza kujengwa. Na hapo hapo Epic, kampuni inayotengeneza injini ya Unreal, wakatoa Gears of War mwishoni mwa 2006 kwenye 360, ikiwa inaendeshwa na Unreal Engine 3, na kila studio iliyoiona ilitaka hiyo injini. Kuna kitu kuhusu Epic wengi hawakijui: Microsoft walikuwa wamepanga kuipa 360 RAM ya MB 256, Epic ndo waliokuwa mstari wa mbele kuwashawishi waweke 512, wakiwaonyesha gemu yao ingekuwaje kwa kila kiasi. Sisi huwa tunafikiria injini inaitii mashine, kumbe hapo injini ndo iliyoibadilisha mashine kabla haijatoka kiwandani. Ndo maana kizazi kile gemu nyingi za mashine mbili zilionekana safi kwenye 360, na kwenye PS3 fremu (picha zinazopita kila sekunde) zinadondoka au picha imefifia. GTA IV ya 2008 kwa mfano, kwenye 360 ilichorwa kwa mistari 720, kwenye PS3 mistari 640 halafu inavutwa ijae skrini.

Bayonetta ndo mfano unaouma. PlatinumGames waliijenga kwenye Xbox 360, ikatoka mwaka 2009 ikiwa laini kama inavyotakiwa gemu ya ngumi za haraka, halafu kazi ya kuipeleka PS3 wakapewa Sega. Ya PS3 ikatoka fremu zinakata, kulodi kwingi hadi kwenye kufungua menyu tu. Atsushi Inaba wa Platinum alikuja kusema wazi kwamba kuiachia ile kazi kulikuwa kosa lao kubwa kwenye mradi ule. Wale waliopewa kuhamisha wasilaumiwe sana. Ni sawa na ramani ya nyumba iliyochorwa kwa kiwanja cha Area D chenye nafasi ya kuzunguka pande zote, halafu mwingine anaambiwa aisimamishe hiyo hiyo nyumba kwenye kiwanja cha Majengo kilichobanwa na nyumba za watu. Fundi awe mzuri vipi, kuna ukuta utaliwa.

Na sasa geuza mpangilio uone. Criterion walipotengeneza Burnout Paradise, iliyotoka mwaka 2008, waliifanya PS3 ndo mashine mama. Ile gemu ilitoka nzuri kote kote, fremu 60 kwenye PS3 na kwenye 360, mji mzima umefunguka, magari yanakunjika vyuma. Kwanini inawezekana hivyo na siyo kinyume chake? Kwa sababu ukilazimishwa na zile KB 256, unajifunza kuikata kazi yote ya gemu katika vipande vidogo vinavyojitegemea, kila kipande kinabeba data yake kwa mpangilio na hakigusi mambo ya wenzake. Sasa vipande vya namna hiyo ukivipeleka kwenye viini vitatu vya 360 vinakimbia vizuri tu, tena vizuri kuliko programu iliyoandikwa kivivu kwa ajili ya 360 yenyewe, kwa sababu kila prosesa inapenda data iliyopangwa karibu karibu. Ila programu iliyoandikwa kwa kudhani kila kitu kinaweza kukifikia kila kitu muda wowote, ukiileta kwenye Cell inabidi uivunje upya. Njia ya kutoka kwenye mashine ngumu kwenda kwenye nyepesi ipo wazi. Ya kurudi imejaa mawe.

Hiyo ndo hoja yangu nzima leo, na ntaing'ang'ania hadi mwisho: kikomo cha mashine mama ndicho kinachokuwa umbo la gemu, kwa hiyo ni heri ukichague kikomo chako mapema na kwa kukusudia, na kikiwa kigumu ndo vizuri zaidi.

Umbo naongelea umbo kweli, siyo ubora wa picha tu. Deus Ex: Invisible War ya mwaka 2003 ilijengwa ikiifikiria Xbox ya kwanza yenye MB 64, na waliokuwa wanaisubiri kwenye PC baada ya ile ya kwanza yenye maeneo makubwa ya kuzurura walipewa vyumba vidogo vidogo, kila ukigeuka unalodi. Hadithi iliendelea kutoka ile ya kwanza, ila ulimwengu umepunguzwa ukatoshea memori.

Na mara nyingine kikomo kinazaa uzuri. GTA San Andreas nani hapa Tanzania hajaicheza? Ilikuwa ya PS2 kwanza, injini yake RenderWare ya Criterion, ile ile iliyobeba GTA III na Vice City. PS2 isingeweza kuchora jimbo zima kwa wakati mmoja, kwa hiyo walijaza ukungu, rangi ya machungwa Los Santos, vumbi la njano kule jangwani, na ule ukungu ukaficha kwamba mita kadhaa mbele hakuna kitu. Wewe mchezaji ukadhani ni jimbo kubwa ajabu, unaendesha dakika nyingi ukitoka mji mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2021 ikaja ile Definitive Edition, imehamishiwa Unreal Engine 4 na studio iliyokuwa imetengeneza matoleo yake ya simu, na mashine za sasa hazihitaji ukungu, basi ukungu ukatolewa. Watu wakapanda mlima Chiliad wakaona ramani yote mpaka mwisho wake, miji mitatu imekaa karibu karibu pale chini. Ule ukubwa wote ukayeyuka. Walidhani wanatoa kasoro ya PS2, kumbe walitoa nguzo. Haikuwa kwa bahati kwamba miaka mitatu baadaye waliileta tena mwanga na anga ya zamani kwenye apdeti.

Kwenye hiyo RenderWare kuna jambo la upande. EA waliinunua Criterion mwaka 2004, kwa hiyo ghafla studio nyingi duniani zikajikuta injini zao zinamilikiwa na mshindani. Rockstar, wenye GTA, wakajijengea ya kwao, RAGE, ikaonekana mara ya kwanza kwenye gemu ya tenisi ya meza mwaka 2006, na hadi GTA V wako nayo. Injini ukiikodi unakodi na mwenye nyumba.

EA wenyewe walikuja kuonja upande wa pili. Walikuwa na Frostbite, injini ya studio yao ya DICE iliyozaliwa kwa ajili ya Battlefield, kupiga risasi na kubomoa majengo, hapo haina mpinzani. Halafu studio zao nyingi zikahamishiwa humo, pamoja na BioWare wanaotengeneza gemu za safari ndefu na maongezi. Walipoanza Dragon Age: Inquisition wakakuta injini haina vitu vya msingi vya gemu za aina yao, begi la kuhifadhia vitu, mfumo wa kuhifadhi mchezo unavyotaka wao, vyote wavijenge wenyewe. Mass Effect: Andromeda ya 2017 na Anthem ya 2019 zikapitia tabu ile ile. FIFA ikaingia Frostbite kuanzia FIFA 17 na yenyewe ikapona vizuri zaidi, maana kiwanja cha mpira ni kimoja na kinajulikana.

Na Konami, wenye PES, je? Wapenzi wa PES mnaijua hii kidonda. PES kuanzia 2014 ilikuwa inatumia Fox Engine, halafu wakaamua kuhamia Unreal na kuunganisha konso (mashine za gemu kama PlayStation), PC na simu chini ya kitu kimoja, eFootball. Ikazinduliwa tarehe 30 Septemba 2021 na ikaangukia pua, sura za wachezaji zikasambaa mitandaoni watu wanacheka, kwenye Steam, duka la gemu za PC, ikawa ndo gemu yenye maoni mabaya kuliko zote wakati ule, Konami wakaomba radhi. Mimi sikucheka. Niliona timu iliyoiacha injini waliyoijua kwa miaka, huku imeongeza na idadi ya mashine za kuhudumia, vyote kwa mpigo. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kumeza miaka ya kazi.

Siku hizi watu wanasema hayo yameisha kwa sababu PS4 na Xbox One zilipotoka mwaka 2013 zote zilikuwa na prosesa za AMD za aina ile ile ya PC. Ni kweli kabisa tofauti imepungua, hakuna tena Cell. Ila swali la nani mama halijaondoka. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, kwenye PC yenye nguvu ilikuwa inavutia, kwenye PS4 ya kawaida yenye diski ya kuzunguka na prosesa ya 2013 ilikuwa haichezeki, majengo yanachelewa kuchorwa, watu barabarani wanatokea mbele ya gari, na siku chache tu baadaye Sony wakaitoa dukani kwao, ikarudi Juni 2021. Mji ulipangwa kwa mashine ambayo wanunuzi wengi hawakuwa nayo. Mwaka 2022 CD Projekt Red, waliotengeneza hiyo Cyberpunk, wakatangaza wanaiacha injini yao na kuhamia Unreal Engine 5. Baldur's Gate 3 nayo ilichelewa Xbox mpaka Desemba 2023, miezi mitatu baada ya PS5, kwa sababu Xbox Series S yenye RAM ya GB 10 ilishindwa kubeba watu wawili kwenye skrini iliyogawanywa, na Microsoft walikuwa wanataka Series S na Series X zipate vitu sawa. Ikabidi kanuni ilegezwe. Lakini angalia Capcom: Monster Hunter Rise waliijenga Switch ya Nintendo iwe ya kwanza, mashine ya GB 4, ikatoka Machi 2021, PC ikafuata Januari 2022, PS na Xbox Januari 2023, na kote ikateleza.

Sasa tuje nyumbani.

Hapa Dodoma kuna vijana wanatengeneza gemu, wengi wanatokea UDOM, na karibu wote nilioongea nao wanaanzia kwenye laptopu. Inaeleweka, laptopu ndo ina injini. Ila laptopu ikishageuka mashine mama bila mtu kuamua, gemu inakuwa ya laptopu, na mtu anayetarajiwa kuicheza yupo kwenye daladala ya Nzuguni na simu ya GB 2 ambayo nusu yake imeshaliwa na WhatsApp.

Kuna dogo mmoja alinifuata na gemu yake ya bodaboda. Unabeba abiria Sabasaba, unapita Nzuguni, Ihumwa, unamshusha Mtumba kwenye mji wa serikali, unakwepa malori na matuta, abiria anakusemesha njiani. Wazo tamu. Alitumia injini ya Godot, ambayo ni bure na leseni yake haina masharti ya kukukaba. Kwenye laptopu yake yenye kadi ya grafiki, kitu kilichonishika ni vumbi. Lile vumbi letu la Septemba upepo ukivuma kabla ya mvua, jekundu, linajaa hewani, jua linapita ndani yake, alilipatia kabisa, nikamwambia dogo hapa umenipeleka barabarani kweli.

Akaipeleka kwenye simu, vumbi halipo. Limepotea lote, anga nyeupe, barabara kavu.

"Kaka, hii injini si wanasema unabonyeza tu inaenda Android?"

Inaenda, ndiyo. Ila Godot 4 ina njia tatu za kuchora picha: Forward+ ya mashine zenye nguvu, Mobile ya simu, na Compatibility inayotumia OpenGL, njia ya zamani ya kuiamuru chip ya picha, kwa mashine za chini kabisa. Ule ukungu mzito wenye ujazo, unaopitisha mwanga ndani yake, upo kwenye Forward+ peke yake. Siku anafungua mradi alikubali Forward+ iliyokuja imeshachaguliwa, na hapo ndipo alipochagua mashine mama, kwa mbofyo mmoja.

Akarekebisha kwa kuweka chembechembe, mamia ya vipande vya vumbi vinavyopitisha mwanga vinaelea mbele ya kamera. Vumbi likarudi, gemu ikafa. Chip za grafiki za simu nyingi hukata skrini katika vipande vidogo na kukichora kipande kimoja kimoja ndani ya memori ndogo iliyomo kwenye chip, ziko hivyo ili kuokoa betri. Kitu kisichopitisha mwanga kinaficha kilicho nyuma, chip inaruka kazi. Kinachopitisha mwanga hakifichi chochote, kwa hiyo tabaka kumi za vumbi maana yake pikseli ile ile inapakwa rangi mara kumi. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde una milisekunde 33 tu za kumaliza kila fremu, na vumbi peke yake lilikuwa linazila karibu zote. Simu ikachemka, na Dodoma hii mchana simu ikishachemka inapunguza kasi yenyewe ijipoze, kwa hiyo dakika kumi baadaye ni mbaya kuliko ulipoanza.

Tukakaa na simu, laptopu pembeni. Vumbi la mbali akalifanya kuwa rangi tu: kitu kadiri kinavyokuwa mbali ndivyo rangi yake inavyochanganywa na wekundu wa anga, hesabu ndogo sana, chip haisikii hata. Chembechembe akabakiza chache, ndogo, nyuma ya tairi peke yake, pale jicho linapotazama. Majengo yaliyomezwa na rangi akayaondoa yasichorwe kabisa. Halafu picha za kubandika kwenye kuta na barabara, alikuwa ameziacha bila kubana, moja ya pikseli 2048 kwa 2048 inakula MB 16 za memori, ukiibana kwa ETC2, aina ya kubana picha inayoeleweka na chip za simu, inashuka hadi MB 4, na jicho kwenye skrini ya simu haligundui. Hapo hapo na faili la kupakua likapungua, na mtu wa bando la siku analiangalia hilo kabla hata hajasoma gemu inahusu nini.

Kilichonifurahisha kikaja baadaye, bila mimi kusema kitu. Kwa kuwa sasa ukubwa wa vumbi ni namba moja tu anayoweza kuipandisha na kuishusha, akaifanya iwe sehemu ya mchezo. Upepo ukija vumbi linakaribia, huoni tuta mpaka limefika, lazima upunguze mwendo, abiria anaanza kulalamika kachelewa kikao. Kwenye laptopu vumbi lilikuwa pambo. Kwenye simu ya GB 2 likawa ndo gemu yenyewe.

Watu huwa wananiuliza watumie injini gani. Unity imebeba gemu kubwa za simu mnazozijua, Free Fire, Call of Duty: Mobile, Genshin Impact; PUBG Mobile ni Unreal 4. Zote zinafika simu. Ila Septemba 2023 Unity walitangaza kutoza kwa kila mtu anayesakinisha gemu ikishavuka kiwango fulani, na mwenye gemu ya bure inayosakinishwa na watu wengi wasiolipa kitu ndiye aliyepata hofu kuliko wote. Walikuja kuifuta mwaka mmoja baadaye, lakini wengi walikuwa wameshahamia Godot. Unreal inachukua asilimia 5 baada ya gemu kuingiza dola milioni moja, hiyo kwa sasa isikunyime usingizi, kikwazo ni kwamba inataka kompyuta nzito kuifungua tu. Kwa kijana wa hapa anayeanza na laptopu ya kawaida, mimi nasema Godot na njia ya Compatibility tangu siku ya kwanza, simu ya bei ya chini imechomekwa kwa waya muda wote, na kila unachoongeza unakiona kwenye simu kabla haujakipenda kwenye laptopu. Vidole pia vitakufundisha mapema, maana vitufe vinne vinavyokaa raha kwenye kibodi vinaziba nusu ya barabara kwenye skrini ya inchi sita.

Dogo sasa anatengeneza toleo la PC, na kazi inaenda haraka maana kila kitu ni cha kuongeza: vumbi zito la Forward+ limerudi juu ya lile jepesi, majengo ya mbali zaidi, fremu 60. Anaota na PlayStation ili siku moja akaichomeke bandani, ila Godot haiji na njia ya konso, mikataba ya siri ya wenye konso hairuhusu programu ya wazi kwa wote kubeba zana zao, kwa hiyo inabidi usajiliwe nao kwanza halafu mara nyingi ulipe kampuni inayofanya kazi ya kuhamisha. Kwa hiyo amepanga Android kwanza, Steam baadaye, konso mpaka hela ipatikane. Wiki hii yuko kwenye sauti ya injini ya pikipiki, maana spika za simu za chini hazitoi besi na boda yake inasikika kama cherehani.